Tenti ya Matanga Niliyohamia Nikiwa Mzima

Hii habari nawapa mimi mwenyewe kwa sababu najua mmeshaisikia pale Mwatate ikiwa imetiwa chumvi, wengine wanasema nilifufuka, wengine wanasema nilikuwa nimelewa, na yote mawili ni uongo, mimi sikufa na pombe niliacha zamani (karibu yote), kilichonipata ni aibu tu, aibu ya mtu mzima mwenye wajukuu, na nimeona afadhali niiseme kwa mdomo wangu kabla haijafika Taveta ikiwa na pembe na mkia.

Mimi ni Wafula, Baba Nekesa, Mbukusu wa Bungoma kwa kuzaliwa, lakini mkonge wa huku ndio ulionilea. Nilikuja nikiwa na ndevu tatu, nikakata mkonge mpaka mgongo ukakataa, na nikaoa huku huku, mke wangu Mkawasi ni Mtaita wa Ronge, kule juu kwenye migomba na ukungu, mahali ambapo ukiangusha mbegu ya parachichi unarudi kukuta kivuli. Sasa kazi ya mkonge ina jambo moja, ile nyumba ya kampuni ni yako ukiwa na panga mkononi, siku unarudisha panga unarudisha na ufunguo. Siku yangu ilipofika nilikuwa na eka mbili zangu huku chini, kati ya Voi na Mwatate, pakavu, miiba mitupu, tembo wanapita wakijisikia, lakini pangu, karatasi yake iko sandukuni. Nyumba haikuwako. Choo hakikuwako. Kulikuwa na kichuguu kimoja kikubwa ambacho kwa mbali ungedhani ni nyumba, lakini kilikuwa na wenyewe.

Mkawasi akaenda kwa mama yake Ronge kwa muda, na mimi nikaambiwa nije pia, kuna chumba cha nyuma. Hapo lazima niwaeleze kitu, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilifanya ujinga nilioufanya. Sisi Wabukusu, mwanaume na mama mkwe wake hawazoeani. Hamshikani mikono, hamketi chumba kimoja, ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye mahindi mpaka apite. Si chuki, ni heshima, ndivyo nilivyolelewa. Miaka yote hiyo ya ndoa sikuwahi kumtazama mama mkwe usoni (namjua zaidi kwa viatu, ana raba za bluu). Sasa mtu kama mimi aende kulala nyuma ya jiko la mama mkwe, asubuhi akutane naye akienda kuoga, afadhali alale juu ya mti.

Nikasema mimi nitakaa kwenye shamba langu. Mama mkwe akatuma jibu kupitia kwa Mkawasi, maana ndivyo tulivyokuwa tukiongea: "Mwambie mkata mkonge hivi, Mkawasi hatoki hapa mpaka niambiwe kuna paa. Huyu si mbuzi wa kufungwa chini ya mti."

Hilo neno la mkata mkonge liliniuma. Alikuwa ameshalisema tangu posa, kwamba mkata mkonge hana kwao, leo yuko hapa kesho kambi nyingine. Sasa nimepata kwangu na bado sina pa kumweka binti yake. Mjue basi kilichokuwa mezani: nikikosa paa, mke wangu anazeekea Ronge na mimi nazeeka peke yangu na kichuguu.

Nikaanza kutafuta makao ya kujishikiza wakati nikijenga pole pole. Kupanga chumba Voi nilikataa, maana ukilala mjini shamba linalala na mbuzi za watu, na mimi miche yangu ya miembe ilikuwa bado ina majani manne. Nyumba ya udongo nilikataa, kwa sababu udongo unataka maji na maji yanatoka kwenye tangi la mradi, mwendo wa kumaliza mafuta ya mwili. Chumba kimoja cha mabati fundi alinitajia bei nikamuuliza kama hayo mabati yanakuja na ng'ombe ndani. Basi, nikiwa Mwatate nanunua misumari, nikakutana na mwenyekiti wa kikundi fulani cha kina mama na wazee, anauza tenti yao kuukuu kwa sababu wamenunua mpya. Tenti nyeupe, pana, ya vyuma, ile ya kukaa watu hamsini. Bei yake ilikuwa ya kumtoa mtu machozi ya furaha. Na alipoona nasitasita akaniambia, "Mzee wangu, nakuongezea stendi, na kitambaa chake."

Stendi yenyewe ilikuwa ya chuma, ndefu, nyembamba, ina miguu ya kukunjwa. Nikaona kitanda. Kitambaa kilikuwa kizito, zambarau, kina nyuzi za kuning'inia pembeni. Nikaona blanketi. Nikamwuliza stendi ni ya nini, akasema ni ya kuwekea mtu, na mimi si nilikuwa mtu, nikalipa.

Kwenye ubavu mmoja wa tenti kulikuwa na maandishi makubwa meusi. Mimi shule nilifika darasa la tatu, nasoma, lakini nasoma kama mtu anavuka mto, jiwe moja baada ya lingine. Nikasoma: KI-KU-NDI CHA KU-FA NA KU-ZI-KA-NA. Nikakaa kidogo. Nikajiambia Wafula, maandishi hayafanyi paa livuje, huu upande utatazama vichakani na upande safi utatazama barabara, nani atajua.

Huo ndio uamuzi mdogo. Yote yaliyobaki ni watoto wake.

Siku ya kusimamisha nilimchukua fundi mmoja, Musyoka, Mkamba, mchapa kazi sana lakini maneno anayatoa kama mtu anayekopesha. Tulianza alfajiri, na saa nne tenti ilikuwa imesimama inang'aa kama jino. Musyoka akaitazama akasema neno lake la kwanza la siku hiyo: "Tembo akipita hapa, mzee, hiyo ataivaa kama shati." Halafu akaenda kuanza kuchimba choo, pale nyuma kidogo, shimo refu la pembe nne kama nilivyompimia.

Mimi nikampigia Mkawasi. Nilitaka kumwambia ukweli, naapa, lakini sauti yake ilipokuja na nyuma yake nikasikia zile raba za bluu zikitembea jikoni, mdomo wangu ukasema wenyewe, "Mama Nekesa, nyumba imesimama." (Na si ilikuwa imesimama? Nilikuwa naiona.) Akauliza ya nini, mabati au matofali, nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Jua lilikuwa limekasirika. Mgongo ulikuwa unapiga kelele. Nikameza vidonge vya mgongo, viwili badala ya kimoja, nikatundika simu kwenye kamba ya tenti, pale mlangoni, mahali pekee inapopata mtandao. Nikavua suruali yangu nzuri nikaikunja nikaiweka kwenye mkoba, na mkoba nikauacha nje juu ya mawe ili mchwa wasiupate, nikabaki na kaptura yangu ya kambini, ile ambayo mbele ni kaptura na nyuma ni kumbukumbu ya kaptura. Nikamwambia Musyoka kwenye shimo lake, "Mimi napumzika kidogo. Mama Nekesa akipiga usimwambie habari ya tenti, atajionea mwenyewe akija." Nikapanda kwenye stendi, ilinitosha kabisa, kama iliyopimwa, nikajinyoosha chali kwa ajili ya mgongo, nikajifunika zambarau mpaka kichwani kwa sababu ya nzi.

Yanayofuata niliambiwa baadaye, na kila mtu alinieleza akiwa ameshika tumbo.

Kumbe vichakani nyuma kuna njia. Mimi mgeni sikujua, ni njia ya kina mama ya kwenda kuteka maji, na inapita hatua ishirini kutoka kwenye yale maandishi. Saa tano na nusu akapita Mama Mwadime, jirani ambaye leo ni kama dada yangu, na dumu lake mgongoni. Akasoma ubavu wa tenti (yeye anasoma haraka). Akaona mtu anachimba shimo la pembe nne. Akaweka dumu chini, akavua kitambaa kichwani akakifunga upya vizuri, akasogea.

"Baba, pole," akamwambia Musyoka.

"Asante," Musyoka akasema. Si mtu anachimba, akiambiwa pole ajibu nini.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Amepumzika."

Jamani, neno hilo. Kanisani kwetu na kwao na kwa kila mtu, mzee akiwa amepumzika hamumpelekei chai. Mama Mwadime akashika kifua.

"Amepumzika lini?"

"Saa tano hivi."

"Aliugua?"

"Mgongo tu. Asubuhi yote alikuwa analia na mgongo."

"Na mama anajua?"

"Ameniambia nisimwambie," Musyoka akasema, akitupa udongo. "Atajionea mwenyewe."

Mama Mwadime akachungulia mlangoni akaona mtu amenyooka chini ya kitambaa cha zambarau, juu ya stendi ya jeneza ambayo yeye ameiona kwenye mazishi yote ya upande ule, nyayo mbili zimetokeza, zina vumbi. Akarudi kinyumenyume. Na hapo hapo, pale kwenye kamba, simu yangu ikalia.

Akaishika. Upande wa pili Mkawasi akasikia sauti ya mwanamke.

"Wewe ni nani unashika simu ya mume wangu?"

"Mama yangu, mimi ni jirani. Uko na mtu hapo karibu? Keti kwanza."

"Sikai. Wewe ni nani?"

"Keti, mama. Mzee amepumzika."

Mkawasi ameniambia mwenyewe, bila haya, kwamba kwa kufumba na kufumbua jicho alifurahi kuwa si habari ya mwanamke, kabla ya kupiga kelele. Hilo nimelisamehe, lakini silisahau.

Basi watu wa pale ni watu, niwaambie ukweli. Hawanijui jina, hawajanywa hata maji kwangu, na kufika saa saba walikuwa wamejaa. Kuni zimeletwa, sufuria za kanisa zimeletwa, mtu amekuja na maharagwe, mwingine na ndizi, kina mama wamepanga mafiga, na Baba Mwadime na wanaume watatu wamekuja na mitaimbo yao wakaingia shimoni kumsaidia Musyoka. Nilimwuliza Musyoka baadaye, wewe mtu, watu thelathini wanakuja kuchimba choo cha mtu na huulizi? Akanijibu, "Nilidhani huku watu ni wakarimu." Alikuwa hata amekunywa chai yao.

Mimi nimelala. Vidonge viwili, jua, na usingizi wa mtu ambaye hajalala kwake mwenyewe maisha yake yote.

Nilichoamshwa nacho ni kilio. Si kimoja, ni vilio kama kumi vinaingia uani pamoja na mlio wa gari la kukodi. Nikafungua macho nikaona zambarau tu. Nikafikiri labda ni tembo, watu wanakimbia. Nikainua pindo la kitambaa kidogo kwa kidole, nitazame mlango uko wapi.

Nikaona raba za bluu.

Zilikuwa ndani. Zilikuwa hatua mbili kutoka kwa stendi. Na mimi, ndugu zangu, chini ya kile kitambaa nilikuwa na ile kaptura. Nikiinuka kitambaa kinaanguka. Nikikimbia, namwonyesha mgongo, na mgongoni ndiko kuliko na msiba wenyewe. Mtu wa kwenu angeruka aseme niko hai. Mtu wa kwetu alifanya hesabu haraka haraka akaona kwamba kufa kuna heshima zaidi, kwa dakika chache tu, mpaka mama mkwe atoke. Nikashusha kidole. Nikanyoosha miguu. Nikaacha kupumua kwa kadiri inavyowezekana.

"Tokeni nyote," nikasikia akisema. Sauti ya mtu mzee sana lakini isiyobishiwa. "Nina neno na mkwe wangu. Na wewe Mkawasi, toka."

Wakatoka. Nikasikia anavuta dumu tupu, anaketi juu yake.

"Wafula," akasema. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina langu mdomoni mwake. "Sasa utanisikiliza, huna pa kukimbilia. Miaka yote hukunitazama. Nikija unaingia kwenye mahindi. Mahindi yangu umeyavunja mangapi. Nilidhani ni dharau, kwamba Mtaita wa kilimani si kitu kwako. Ni Mkawasi juzi tu ameniambia kwamba kwenu hiyo ndiyo heshima. Kwa nini hukutuma mtu aniambie?"

Nilitaka kujibu. Maiti hajibu.

"Na nilisema mkata mkonge hana kwao. Nimefika hapa nimekuta watu wamejaa, hata jina lako hawalijui na wanakupikia. Hapa ni kwako. Halafu hii nyumba uliyosema imesimama." Nadhani hapo alitazama juu. "Ni tenti. Ulimficha nini mtoto wangu? Mimi nilipoolewa tulilala kwenye banda la mbuzi misimu miwili, mimi na baba yake, mbuzi upande huu sisi upande ule. Hakuna ninayemwambia. Ungesema ni tenti tu, ningemleta mwenyewe, na godoro."

Basi hapo ndipo mimi nilipoharibika. Mgongo niliuweza, nzi niliwaweza, lakini machozi yana njia yao, yakatoka yakateremka yakaingia masikioni, na yakiingia sikioni yanawasha, nikasogeza kichwa kidogo tu, kidogo kabisa.

Dumu likalia. Amesimama. Kitambaa kikafunuliwa mpaka kidevuni, na mimi nikafumba macho kwa nguvu zangu zote, maana heshima ni heshima.

Nikasikia pumzi yake juu ya uso wangu.

"Wafula."

Nikazidi kukaza macho.

"Maiti hakunji uso hivyo. Wafula, wewe ni mzima?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona huamki?"

"Kaptura, mama."

"Kaptura imefanya nini?"

"Imeisha nyuma."

Nikasikia ameanza kukohoa, nikadhani Mungu wangu, nimemuua mama mkwe kwa mshtuko, nikafungua macho, nikamwona. Kwa mara ya kwanza. Ana uso mdogo, umejaa mistari, hana meno mawili ya mbele, na alikuwa anacheka mpaka ameshika chuma cha tenti. Kisha akajifuta kwa leso, akanifunika tena vizuri mpaka shingoni kama mtoto, akatoka mlangoni, akasema kwa ile sauti ya kutobishiwa:

"Mkawasi. Mletee mume wako suruali."

Nje kilio kilikatika kama redio iliyonyofolewa betri. Halafu sufuria ikaanguka. Halafu nikasikia Musyoka, wa maneno machache, akiuliza watu wote kwa jumla, "Kwani nani alikuwa amekufa?"

Mkawasi aliingia na mkoba, macho mekundu, akanirushia suruali usoni. "Nyumba imesimama, eh?" Akanipiga begani, akanikumbatia, akanipiga tena. Nikatoka nimevaa, nikasalimia matanga yangu mwenyewe mtu mmoja mmoja, na kila mkono ninaoshika mwenye mkono anauminya kidogo kuhakikisha. Mama Mwadime hakuweza kunitazama, mpaka nilipomwambia asante kwa kuni, ndipo akapasuka kwa kicheko, na wote wakapasuka.

Sasa chakula kilikuwa kimeiva, kimanga, zile ndizi na maharagwe ya kupondwa, sufuria mbili, na chai ya maziwa, ungefanya nini nacho. Tukala. Baba Mwadime akasema nyimbo walizojiandaa nazo haziendi bure, wakachagua zile za furaha. Mama mkwe akaketishwa kwenye kiti pekee kilichokuwepo, akatangaza mbele ya watu kwamba paa ameliona kwa macho yake na Mkawasi habebwi kurudi Ronge, gari la kukodi lirudi na yeye peke yake. Na lile shimo, wanaume wanne wakiwa wamelichimba kwa roho ya majonzi, lilikuwa limenyooka kuta zake kuliko shimo lolote la choo katika kaunti nzima. Nikamwambia Musyoka alimalizie kwenda chini. Mpaka leo mgeni akiuliza choo kiko wapi, watu wa huku wanamwambia pita pale kwa kaburi la Wafula.

Tulikaa kwenye tenti ile mvua mbili, kama mbuzi na wenye mbuzi, kisha vyumba viwili vya mabati vikasimama, vya kweli safari hii, na watu walewale ndio walioshika nyundo. Tenti nimewaachia majirani, mwenye harusi achukue, mwenye msiba achukue, ila nilimlipa mtu wa rangi akafuta yale maandishi. Stendi nilirudisha Mwatate kwa mkono wangu. Na nimeweka nadhiri, nawaambia nyinyi mkiwa mashahidi: hata jua la Voi likifanya nini, hata mgongo ulie, mimi mchana silali tena bila suruali.

Mama mkwe sasa ananipigia simu mwenyewe, hapitii kwa mtu. Mchana jua likiwa kali lazima simu ilie, na hakuna salamu, swali ni lile lile.

"Wafula, umepumzika au umelala?"

"Nimelala, mama," namjibu, "na nimevaa."